Tupeane uzoefu: SUV iliyotumika inadundadunda, ulijuaje kama ni shokapu au ni kitu kingine?

Mkazi wa Buswelu (mwanzisha mada)

Mwangaluka wana Mwanza, na majirani zetu wa Geita, Mara na Simiyu.

Uzi huu ni wa wenye RAV4, X-Trail, Forester, Harrier, Prado na jamaa zake zilizotufikia zikiwa tayari zimetembea. Malalamiko ni yaleyale: gari inadunda, ukivuka tuta nyuma inayumba, kwenye kona inalala, ukikanyaga breki pua inazama. Ukifika gereji jibu unalipata kabla gari haijapandishwa jeki: "Shokapu zimekufa, leta nne." Shokapu ndizo zinazoizuia gari isiendelee kudunda, na zipo siku ni kweli zimekufa. Lakini nimeona watu wengi wananunua nne na gari inabaki vilevile. Linaniuma hilo, kwa sababu shokapu nzuri ni hela nyingi na mwenye gari analipa bila kuonyeshwa chochote.

Kila anayechangia aseme gari yake, dalili ilivyoanza, na kilichokutwa baada ya kufungua.

Yangu ni RAV4. Kwenye lami ya Nyakato ilikuwa tulivu kabisa, shida ilikuwa matuta. Mbele inapita vizuri, nyuma inapanda, inashuka, inapanda tena, inashuka tena. Kilichonithibitishia ni tairi. Nilipitisha kiganja kwenye uso wa tairi za nyuma nikakuta mabonde: pamelika, hapajalika, pamelika, mzunguko mzima. Alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ikiharibika, tairi hulika upande mmoja, wa ndani au wa nje. Ikilika kwa mabaka namna hii, mara nyingi ni gurudumu lililokuwa linarukaruka badala ya kushika barabara, ingawa balansi mbovu (uzito wa gurudumu usiolingana mzunguko mzima) nayo inaweza kuleta mabaka. Tukachungulia chini: shokapu ya nyuma kulia imelowa mafuta, vumbi limegandia juu yake. Tulibadilisha mbili za nyuma. Za mbele zilikuwa kavu, tukaziacha. Gari ilitulia siku hiyohiyo, ila mngurumo wa tairi uliendelea mpaka nilipoweka tairi nyingine.

Dada wa Nyegezi

Asante kwa mada, kaka.

Mimi X-Trail. Yangu haikuwa inadunda, ilikuwa inagonga. Ninapoishi barabara ya kupanda mlimani imejengwa kwa mawe, kama nyingi za vilima vya mji huu, na kila nikipanda nasikia "ko-ko-ko" upande wa kushoto mbele. Nikitoka kwenye mawe nikaingia lami, kimya. Fundi wa kwanza akasema shokapu mbili za mbele, hakufungua hata boneti. Nikamuuliza: mbona gari haiyumbi kwenye matuta? Hakuwa na jibu, nikaondoka.

Wa pili alinifurahisha. Aliniomba niendeshe mimi, yeye akatembea pembeni ya gari akisikiliza. Kisha akaingia chini, akashika ile fimbo fupi inayounganisha shokapu na stabilaiza (chuma kinachozuia gari isilale kwenye kona), akaitikisa kwa mkono. Ikacheza. Upande wa kulia ilikuwa imekaza. Tatizo lilikuwa stabilaiza linki. Tulibadilisha zote mbili, mgongano ukaisha, na bei yake haifiki hata karibu na shokapu moja.

Dada zangu, tusiogope kuuliza maswali gereji. Mwambie akuonyeshe kinachocheza ukione kwa macho yako.

Dereva wa Sengerema

Prado. Nilipoinunua ilikuwa ngumu mno, kila kishimo kinafika mgongoni. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 navuka mara kwa mara bila kusubiri kivuko, na pale kwenye maungio ya daraja ndipo nilipokuwa naisikia vizuri: "dup", halafu basi. Haiendelei kucheza. Hilo ndilo lililonifanya nisiamini habari ya shokapu, maana shokapu iliyoisha huiacha gari iendelee kuruka.

Nikafungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko cha upepo kwenye nguzo. Kinasema PSI 29. Nikapima: 42. Kila kijiwe cha upepo nilikokuwa naenda wanajaza kwa mazoea, "gari kubwa weka 40". Na mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka tairi nzito za mizigo, zile zenye kuta ngumu. Niliposhusha upepo, nusu ya tatizo ikaondoka bila kutoa hata shilingi. Pimeni asubuhi tairi zikiwa baridi.

Msafirisha dagaa, Kirumba

Wakuu, mimi natoa mzigo soko la Mwaloni kupeleka Shinyanga na Kahama. Gari ni SUV ya zamani, viti vya nyuma nilitoa. Ilianza kugonga nyuma hata kwenye tuta dogo, "gu!", kama chuma kwa chuma. Nikawekewa shokapu mpya. Bado "gu!"

Siku gari ikiwa tupu tukaiegesha sehemu tambarare, tukapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Nyuma ilikuwa chini sana kuliko mbele, na kushoto chini kuliko kulia. Springi zilikuwa zimelala, moja imekatika mzunguko wa mwisho chini, pale pasipoonekana mpaka uinue. Bodi ilikuwa inakaa karibu kabisa na rabba za kuzuia chuma kisigonge chuma. Shokapu ingefanya nini hapo? Tukaweka springi mbili mpya, na mzigo nikaupunguza. Gari hii haikuundwa kubeba magunia, nasema hivyo kwa wenzangu wa Mwaloni kwa upendo, maana kwenye breki za ghafla mzigo ule ni hatari kwa watu wengine barabarani.

Fundi wa Igoma

Nimesoma wote, mmeeleza vizuri. Niongeze upande wa gereji.

Kinachobeba gari ni springi. Shokapu inaizuia springi isiendelee kucheza. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo. Yanapita kwa tabu, mtikisiko unageuka joto, gari inatulia. Ukilielewa hilo utajua pa kuanzia. Gari iliyokaa chini, angalia springi. Inayoendelea kucheza baada ya tuta, angalia shokapu. Inayogonga, tafuta linki, bushi (rabba za kwenye maungio), boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) au mauntingi ya juu (kishikio cha shokapu kwenye bodi). Iliyo ngumu tu bila kucheza, anza na upepo na tairi kama alivyofanya mkuu wa Sengerema.

Kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuachia ni kizuri kwa gari ndogo: ikipanda mara moja na kutulia, sawa. Kwa Prado na wenzake kisikudanganye. Springi zake ni ngumu, uzito wa mtu mmoja hautoshi, na shokapu iliyochoka nusu inafaulu vizuri tu. Kipimo ninachokiamini ni barabara. Endesha kwenye vumbi lenye mikunjo kwa muda, simama, kisha sogeza mkono taratibu kwenye mwili wa kila shokapu. Zinazofanya kazi zitakuwa na joto, nyingine kali, kwa hiyo usishike ghafla. Ile iliyobaki baridi wakati mwenzake wa ekseli hiyohiyo (mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma) ana joto, haifanyi kazi.

Kuhusu mafuta: unyevunyevu mwembamba karibu na sili ya juu (rabba inayozuia mafuta yasitoke) ni kawaida, usibadilishe kwa ajili hiyo. Inayotiririsha hadi chini ndiyo imeisha. Lakini pia ipo inayokufa ikiwa kavu, valvu za ndani zimechakaa. Watengenezaji wengi wanashauri ukaguzi kuanzia kilomita 80,000, na magari mengi yanafika kwetu yakiwa yamepita hapo zamani.

Boljointi usiiache. Inua gurudumu, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, ni boljointi au bearingi. Shika kushoto na kulia, ikicheza hapo ni tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Hivi vikikatika ukiwa kwenye mteremko, gurudumu linalala. Hivyo vinatangulia shokapu, hata kama shokapu zimekufa kweli.

Sasa kufunga, hapa mafundi wenzangu tunaharibu sana. Boliti zinazopita kwenye bushi za rabba zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ikining'inia kwenye jeki, ikishuka ile rabba inabaki imesokoteka, na inapasuka mapema. Mteja anarudi na kelele anaambiwa shokapu ni feki. Shokapu mpya isimamishe wima, isukume na kuivuta mara kadhaa hewa iondoke kwenye mafuta kabla ya kuifunga. Springi ya mbele ya RAV4, X-Trail au Forester itolewe kwa kifaa cha kubania springi, kamwe si kwa waya au kamba. Ikifyatuka inaua mtu. Baada ya kubadilisha za mbele, nenda alaimenti.

Mama wa Pasiansi

Fundi, nina Forester. Nyuma imekaa chini hata ikiwa tupu, na nikipakiza wajukuu inakaribia kusugua tairi. Springi tumekagua, nzima. Hapo je?

Fundi wa Igoma

Shikamoo mama. Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi aangalie aina ya shokapu za nyuma. Baadhi ya Forester zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe: gari ikitembea zinajisukuma na kubeba sehemu ya uzito. Springi zake ni laini kwa makusudi. Shokapu hizo zikiisha, nyuma inashuka hata kama springi ni nzima. Ukiweka shokapu za kawaida juu ya springi zilezile laini, itabaki chini. Ama utafute zilezile, ama ubadilishe shokapu pamoja na springi za nyuma ziendane.

Mama wa Pasiansi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya springi laini hakuna aliyeniambia. Asante sana.

Kijana wa Bunda

Wenye Prado zenye puto za upepo nyuma badala ya springi, ongezeni hapo. Yangu ilikuwa inalala usiku kucha ikiegeshwa, asubuhi nyuma iko chini, ukiwasha inapanda. Puto lilikuwa na mpasuko mdogo. Tulilipaka maji ya sabuni, povu likatoka mahali penyewe. Shokapu hazikuwa na kosa.

Mkazi wa Buswelu

Fundi, swali la mwisho kwangu. Kuna anayeuza shokapu za mtumba, anasema zimetoka kwenye gari iliyopata ajali Japani. Na je, naweza kubadilisha moja tu iliyokufa?

Fundi wa Igoma

Moja hapana, mkuu. Badilisha mbili za ekseli moja. Mpya na iliyochoka hazishiki sawa, kwenye kona au breki kali gari inavuta.

Za mtumba, kwa mbele sikushauri. Kwa nyuma, ukilazimika, zipime dukani. Isimamishe wima, isukume hadi chini. Iwe nzito kwa kiwango kilekile mwanzo hadi mwisho. Kama kuna mahali inalegea ghafla halafu inashika tena, irudishe. Fimbo iwe inang'aa bila kutu wala michubuko, kwa sababu kutu pale inakata sili. Magari yaliyotoka sehemu za theluji, ambako barabarani humwagwa chumvi, huja na kutu nyingi chini. Na kama ni ya gesi, ukiiachia inapaswa kupanda yenyewe taratibu. Ikibaki chini, usiilipie.