Mwili wangu unalalamika: ni masomo au ni maradhi?

Bint Tudor

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu, ninaishi Tudor, Mombasa, kwa shangazi yangu, na tangu Januari nimeanza kuingia wodini kila asubuhi baada ya miaka miwili ya vitabu na maabara. Kwa muda wa miezi mitatu sasa mwili wangu umebadilika, nami sijui tena ni lipi nilipeleke kwa daktari na ni lipi nilivumilie. Kichwa huniuma karibu kila jioni, kana kwamba nimefungwa kilemba kilichokazwa mno. Tumbo linawaka moto, hasa usiku. Nina vidonda mdomoni ambavyo zamani vilikuwa vikipona kwa siku chache, na sasa kimoja kimetimiza wiki mbili na nusu. Nikipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu moyo hunidunda kama mtu aliyetoka mbioni, na wiki iliyopita, tukiwa tumesimama katika raundi, yaani ziara ya kuwapitia wagonjwa vitandani, tangu saa mbili hadi karibu saa sita, macho yaliniingia kiza nikalazimika kuchuchumaa mbele ya wagonjwa.

Nisiwafiche ratiba yangu. Ninalala saa saba au saa nane za usiku, ninaamka saa kumi na moja, ninatoka na kikombe cha chai ya rangi pekee kwa kuwa matatu hainisubiri, na chakula cha kweli ninakiona magharibi. Kichwa kikizidi ninameza ibuprofeni mbili. Usiku ninakunywa kahawa chungu ili nisome. Shangazi anasema nimepatwa na jicho. Wenzangu wanasema ni mitihani na kwamba kila mtu yuko hivyo. Nimepima presha za watu zaidi ya mia tangu mwaka uanze, na yangu sijaipima hata mara moja. Je, niende hospitali, au nitachekwa?

Daktari wa Kisauni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Hebu yasome maelezo yako kana kwamba ni ya mgonjwa aliyeketi mbele yako: mwanamke kijana, moyo humdunda akipanda ngazi, huona kiza akisimama muda mrefu, asubuhi hanywi ila chai ya rangi, na humeza dawa ya maumivu tumbo likiwa tupu. Ungemwambia ni mitihani? Ungeagiza kipimo cha damu kabla hajamaliza kusema. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Nami ningekuuliza yale ambayo hukuyaandika: hedhi yako ni nyingi kiasi gani, na je, umewahi kuona choo cheusi kama lami? Ikiwa umekiona, usingoje kesho.

Kuhusu ibuprofeni, hili unalijua, ila umelisoma kwa ajili ya mtihani. Dawa hiyo huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, na hizo ndizo zinazousaidia ukuta wa tumbo kujikinga na asidi. Kwa hivyo unakaa na njaa na kiu mchana kutwa, kichwa kinauma; unameza dawa, tumbo linawaka; tumbo likiwaka huna hamu ya kula, na kesho yake kichwa kinauma tena. Hapo mitihani ina sehemu yake, lakini haiko peke yake.

Kuna mzaha wa kale kwamba mwanafunzi wa udaktari huugua kila ugonjwa anaousoma, na ni kweli tuliopitia huko tulijipima mioyo usiku kucha. Ubaya wake ni kwamba ukishachekwa mara mbili kwa ajili ya hilo, mara ya tatu unanyamaza hata ukiwa mgonjwa kweli. Kidonda cha mdomo kinachopita wiki tatu hukaguliwa, awe nacho mvuvi wa Likoni au mwanafunzi wa udaktari.

Tulipita Huko

Kwa heshima zote, sisi tulisoma kwa kandili, tukasimama wodini kutwa, na hakuna aliyeandika barua kwa umma. Kazi hii ni ya watu wavumilivu. Asiyeweza kusimama saa nne atawezaje kusimama katika upasuaji?

Muuguzi Mstaafu

Kaka yangu hapo juu, nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na vijana waliozimia katika raundi nimewaokota sakafuni mwenyewe, wakiwemo wanaume wenye vifua vipana. Kuzimia kwa kusimama hakuna uhusiano na uvumilivu. Damu hujikusanya miguuni, joto la kaskazi huifungua mishipa ya ngozi, na mtu ambaye hajanywa maji tangu jana hana akiba ya kuufikishia ubongo. Bint Tudor, ukisimama muda mrefu usiyakaze magoti. Kaza na kulegeza misuli ya mashavu ya miguu, na ukihisi baridi ya jasho keti mara moja hata kama profesa anazungumza. Ulifanya vyema kuchuchumaa. Aliyeona aibu akaendelea kusimama nilimshona nyusi.

Ninajua pia kwa nini wasichana hawanywi maji wodini: choo kiko mbali, au kimefungwa na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Muulize muuguzi wa zamu, atakupa. Na kuhusu shangazi yako, usibishane naye. Akusomee dua, na damu ipimwe. Mwombe akufungie mahamri mawili na mbaazi katika kibakuli, kwa sababu mtu anayekuhofia jicho hatakosa kukupikia.

Mwaka wa Tano

Dada, vidonda vyako vya mdomo vina historia katika utafiti. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambamo wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walitobolewa vijeraha viwili vya milimita 3.5 katika kaakaa, kimoja wakati wa likizo na kingine siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kijeraha cha wakati wa mtihani kilichukua muda wa asilimia 40 zaidi kupona, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye kilipona upesi kama cha likizoni. Nilipoisoma kazi hiyo nilikuwa na kidonda ulimini, nikajisikia nimetendewa haki.

Kahawa nayo ina hesabu yake. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hivyo kikombe cha saa nne za usiku bado kina nusu yake saa tisa, wakati unapodhani umelala. Mimi nimeiacha baada ya alasiri. Siku mbili za kwanza kichwa kiliniuma vibaya, kisha kikatulia.

Lile la mwisho nalisema kwa uangalifu. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi 43, ukakuta kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na kati ya waliogundulika kuwa nazo ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Hukutaja huzuni, nami sikubandiki. Ila ikiwa kuna asubuhi unazoamka ukitamani usingeamka, mwambie daktari siku hiyohiyo unayokwenda kupima damu, kwa sauti ileile utakayotaja tumbo.

Bint Tudor

Nimerudi baada ya siku tisa, na ninawashukuru nyote, hata aliyesoma kwa kandili. Himoglobini ni 9.4, presha ni 104 kwa 66. Hedhi yangu ni nyingi, nilikuwa nimeizoea. Nimekatazwa ibuprofeni, nimepewa dawa ya kupunguza asidi na vidonge vya madini ya chuma, nikaambiwa nisivimeze pamoja na chai kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Sasa ninavimeza kwa maji ya ndimu. Hakuna aliyenicheka. Kidonda kimefunga. Usingizi bado ni saa tano, nikijitahidi sita, na hilo sina la kujitetea.

Nina swali moja, nalo linanitia aibu. Daktari wa Kisauni alinitahadharisha juu ya choo cheusi, na tangu juzi ninakiona.

Daktari wa Kisauni

Usione aibu, mwanangu. Vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi chenye ukijani, kigumu kidogo, na harufu yake ni ya kawaida. Choo cha damu iliyotoka tumboni hung'aa, hunata kama lami, na harufu yake ukiisikia mara moja hutaisahau. Ukiwa na shaka rudi leo wakipime, na usisubiri raundi ya kesho.