Jioni ya mwisho Makka na kikundi cha Umra: mama aanze na lipi?

MwanaTanga
Assalaam alaykum. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Kesho basi lao linatoka Makka saa 4 usiku, ndege Jeddah ni saa 10 alfajiri. Jioni aipange vipi? Zamzam anataka kuifungia ndani ya begi.

BintPemba
Waalaykum salaam. Zamzam begini hapana, tafadhali mwambie mapema. Mashine uwanjani inaziona chupa, begi linafunguliwa, maji yanatolewa, mama anabaki kupanga nguo sakafuni watu wakimpita. Anunue katoni ya lita 5 pale pale uwanjani, inapewa tagi yake. Katoni ni moja kwa abiria.

Abuu_Mvita
Mizigo kwanza, tawafu ya kuaga (kuizunguka Al-Kaaba kabla ya kuondoka Makka) mwisho. Adhuhuri mabegi yawe yamefungwa na kupimwa, Alasiri yashuke mapokezi. Baada ya Magharibi aingie kwenye tawafu: mizunguko 7 kuanzia usawa wa Hajar Aswad, lile Jiwe Jeusi (taa ya kijani inaonyesha), kisha rakaa mbili. Hakuna ihramu (nia ya ibada na miiko yake), hakuna Saayi (kwenda Safa na Marwa), hakuna kupunguza nywele. Kwa Hija, wanazuoni wengi wanaiona wajibu. Kwa Umra wametofautiana, ila akiweza asiiache. Mwenye hedhi kasamehewa. Akiswali Isha na kusubiri basi haidhuru. Akiimaliza asubuhi kisha akashinda madukani, hiyo si ya kuaga tena.

MwanaTanga
Na magoti, shekhe?

Abuu_Mvita
Asitembee ghorofani kwa miguu, mzunguko wa juu ni mrefu mno kuliko wa chini. Achukue kiti cha magurudumu chenye msukumaji rasmi au kigari cha umeme, na bei ijulikane kabla ya kukaa. Mwenziwe mmoja wa kikundi asimwache.

UdiNaTende
Mafuta ya udi: zungushia selotepu shingo ya chupa, ingiza kwenye soksi, laza katikati ya nguo. Tende mbichi huvuja, abebe kavu. Pawabenki iwe kwenye begi la mkono.

BintPemba
Jambo jingine: kiongozi amtajie dereva jina la jengo la abiria kabla basi halijaondoka. Uwanjani Jeddah majengo yametengana mbali, na ukishushwa pasipo pako huwezi kuvuka kwa miguu na mabegi. Pasipoti nazo zigawiwe hotelini, kila mtu aangalie jina lake.