Chanjo ya HPV mashuleni: mzazi ana haki ya kukataa?

Mzazi_Mbagala: Wakuu, binti yangu kaja na taarifa kuwa wanachanjwa HPV wiki ijayo. Kansa haiambukizi, sasa chanjo inazuia nini? Na mzazi akikataa?

Mtu_wa_Maabara: Inazuia kirusi kinachoitwa HPV, mkuu. Aina yake ya 16 na 18 ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Wengi mwili unakiondoa wenyewe. Kikigoma kutoka, protini zake za E6 na E7 zinalemaza walinzi wa seli, seli zinazaliana ovyo, baada ya miaka unapata uvimbe.

Mzee_wa_Pangani: Kirusi cha ngono dawa yake malezi. Binti aliyetulia sindano ya nini?

BintiMzigua: Mzee, mama yangu hakumjua mwanamume zaidi ya baba. Alianza kutokwa damu hedhi imeshakoma, akawa anafua kanga usiku tusizione. Tunamfikisha hospitali uvimbe umeshaingia kwenye kibofu. Yeye alikosa malezi gani?

Mzee_wa_Pangani: Sijamtaja mama yako, binti yangu. Nimesema kwa ujumla.

BintiMzigua: Huo ujumla ndio mama zetu. Yeye aliletewa ndani ya nyumba yake.

Mzee_wa_Pangani: Sasa unamhukumu baba yako hadharani?

Kaka_Eldy: Tusizunguke. Hata Kenya maaskofu walishasema hizi chanjo zinafunga kizazi.

Mtu_wa_Maabara: Ile ilikuwa chanjo ya pepopunda, 2014. Usichanganye. Na mzee, watoto wenye saratani ya taya aliowaeleza daktari Burkitt pale Kampala mwaka 1958 walizini na nani? Uvimbe wao ulisafirishwa London, 1964 kikaonekana kirusi cha Epstein-Barr, kinachopita kwenye mate. Ongeza malaria ya mara kwa mara, mtoto anavimba. Uzinzi hapo uko wapi?

Mzazi_Mbagala: Jamani, swali langu la kukataa?

BintiMzigua: Mpeleke mtoto, ndugu yangu. Siku hizi ni dozi moja tu. Mimi nauliza kwa nini wavulana hawachanjwi. Australia wanawachanja tangu 2013.

Mzee_wa_Pangani: Wajukuu zangu wa kiume mlango wa kizazi wameupata wapi?

Mtu_wa_Maabara: Koo wanalo, mzee. Na uume. HPV inaleta saratani huko kote.

BintiMzigua: Na wataoa. Waanze hao wajukuu zako.