Naomba ushauri: Nampeleka mzee kwenye tamasha la kantri Chicago

Habari zenu wapendwa. Baba anakuja kunitembelea Chicago mwezi wa Julai, akitokea Nakuru. Mzee huyu alitulea na nyimbo za Jim Reeves na Kenny Rogers redioni kila Jumapili, na hajawahi kuona wanamuziki wa kantri wakipiga jukwaani huku Marekani. Natamani sana nimpeleke Windy City Smokeout, tamasha la nyama choma na kantri nje ya uwanja wa United Center.

Shida ni magoti yake na jua la mchana. Kusimama saa nyingi hawezi. Mliowahi kwenda na wazazi, mlikaa wapi? Au tufike jioni tu? Tena hagusi nguruwe; kidari cha ng'ombe kinapatikana kwa urahisi? Nisaidieni kabla sijakata tiketi.