Mikindani, Kilwa Kisiwani au Dar es Salaam: tuwapeleke wapi wanafunzi wa klabu ya historia?

MwalimuShangani
Habari za jioni, wanajukwaa. Klabu ya historia ya shule yetu hapa Mtwara inajiandaa kwa ziara kabla ya shule kufungwa, na kamati ya wazazi inataka jina la mahali ifikapo Ijumaa. Tunatafuta mahali ambapo mwanafunzi ataona utamaduni, historia na mazingira ya Kusini kwa pamoja. Tumebakiwa na sehemu tatu: Mikindani, Kilwa Kisiwani, au Makumbusho ya Taifa kule Dar es Salaam. Naomba ushauri wa waliowahi kufika.

MamaLigula
Mwalimu, pole na majukumu. Mambo yanayoamua safari hukuyataja. Watoto ni wangapi, wa kidato gani, mnalala huko au mnarudi siku hiyo hiyo, na kila mzazi ameombwa atoe shilingi ngapi? Bila hayo tutakushauri kwa kubahatisha.

MwanaWaMasoko
Mimi nitasema Kilwa, hata kabla ya majibu hayo. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mtoto wa Kusini kumaliza shule bila kuyaona ni hasara. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na birika la pembe nane la kasri la Husuni Kubwa bado mnalikuta juu ya jabali linalotazama bahari. Kuhusu mazingira, mwambie mwanafunzi asogeze uso karibu na ukuta wa Msikiti Mkuu: ataona vitundu vidogo vya matumbawe, vimepangana kama nyota, ndani ya jiwe lenyewe. Hapo bahari na historia atakuwa amezisoma kwa pamoja.

MleziWaSkauti
Ndugu yangu wa Masoko amesema kweli tupu, lakini Mwalimu asikie na yaliyonipata. Niliwahi kuongozana na vijana 42 kwenda huko. Tuliondoka Mtwara alfajiri, gari likatuharibikia kabla ya Nangurukuru, na tulipoingia Kilwa Masoko ilikwisha kuwa saa tisa alasiri. Aliyekuwa ametuahidi kutushughulikia kibali cha kuvukia hakuwa amekifuatilia, kwa hiyo tukaanza upya kuandika majina, mmoja baada ya mwingine, huku watoto wakiwa juani na njaa. Tulipovuka, maji yalikuwa yamekupwa na chombo hakikuweza kusogea ufukweni. Wakashuka wakiwa wameshika viatu mikononi, na binti mmoja akakatwa unyayo na gamba la chaza. Nikamfunga kwa skafu yangu. Tuliiona ngome ya kale iitwayo Gereza na sehemu ya msikiti kwa dakika zisizozidi 40, Husuni Kubwa hatukufika kabisa, na jua likatuchwea tukiwa bado chomboni. Yule binti hadi leo akiniona ananiuliza kuhusu lile birika. Kwa hiyo mkienda, mlale Masoko na mvuke asubuhi, tena kibali mkiwa nacho mkononi.

FundiMpingo_Newala
Mimi nauliza jambo jingine. Mbona orodha yote ni ya pwani? Wamakonde, Wamakua na Wayao wako wapi katika ziara hiyo? Chukueni kinyago kimoja cha mapiko, kile kinachovaliwa kichwani kizima, mkawaonyeshe watoto nywele halisi za binadamu zilizobandikwa juu yake na chale za usoni zilizotengenezwa kwa nta. Mzee mmoja aeleze kinavyochezwa wakati wa jando, bila kugusa yale ya siri. Hayo ni makumbusho tosha, hata bila nauli ya kwenda popote.

MwanaWaMasoko
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini makumbusho ni mahali pa kuhifadhi. Kinyago kikiliwa na mchwa nyumbani kwa mtu, wajukuu wataona nini?

FundiMpingo_Newala
Kikiharibika, tunachonga kingine, kwa sababu ujuzi tumeurithisha. Kinyago kilichofungiwa katika kabati la kioo hakichezwi.

MtuWaMingoyo
Kuhusu kuhifadhi, tusisahau Tendaguru hapa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa (dinosaria) walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa Berlin. Boheti bin Amrani, aliyesimamia kazi kule machimboni, ndiye aliyepewa heshima ya jina Australodocus bohetii mwaka 2007. Wanafunzi wangapi wa Lindi wanalijua jina lake?

MamaLigula
Arudishwe, jamani! Au angalau watujengee makumbusho yenye mfano wake.

MleziWaSkauti
Kurudishwa kunahitaji jengo na wataalamu kwanza, dada yangu. Mifupa ile si ya kuwekwa chini ya bati.

MwalimuShangani
Nawashukuru wote, na niwieni radhi kwa kuacha maelezo. Ni wanafunzi 38 wa kidato cha pili, kila mmoja anachangia shilingi 25,000, na mkuu wa shule hajaruhusu kulala nje.

MamaLigula
Basi Dar ifute. Hizo ni shilingi 950,000 tu, za kosta mbili na chakula, na safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 500 kwenda peke yake. Mikindani wataiona Boma ya Wajerumani ya mwaka 1895, milango ya nakshi na mahali ambapo mmisionari Livingstone alianzia safari yake ya mwaka 1866, na saa kumi watakuwa nyumbani.

MwalimuShangani
Tatizo ni kwamba nusu yao wanatoka Mikindani na Boma huipita kila siku wakija shule. Kesho nitamwomba tena mkuu wa shule ruhusa ya usiku mmoja. MwanaWaMasoko, tafadhali waulize wavuvi wa huko: Jumamosi ya mwisho wa mwezi maji yatajaa saa ngapi?