Mashine ya kuchomelea yenye injini yake, au jenereta na inveta kando? Ulinganisho kwa kazi za nje ya mji wa Tanga

Mchomeleaji wa Makorora (mwenye mada)

Assalaam aleikum ndugu zangu mafundi. Karakana yangu ipo Makorora, na miaka yote nimekuwa nikichomelea kwa mashine ya transfoma inayotumia umeme wa gridi. Siku hizi kazi nzuri zinanikuta mahali pasipo na nguzo ya umeme. Mwezi uliopita niliitwa kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako tela la kubebea majani lilikuwa limekatika mkono wa kuvutia, na kwa kuwa sikuwa na mashine ya kwenda nayo, kazi ile ilichukuliwa na mtu mwingine nikiwa nimesimama pale pale na grainda yangu mkononi.

Nimepata nafasi ya kununua kimoja kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni mashine iliyounganishwa na injini yake ya petroli ya nguvu za farasi 13, ubavuni imeandikwa ampea 200, nayo hutoa pia umeme wa kawaida wa kuendeshea grainda. Cha pili ni jenereta ya petroli ya kVA 6.5 (kVA ni kipimo cha mzigo wa umeme inayoweza kubeba) pamoja na inveta, yaani mashine nyepesi ya kuchomelea ya kielektroniki inayochomekwa kwenye umeme, ndogo ya kilo 6. Cha tatu ni mashine kubwa ya dizeli iliyokwishatumika, iliyofungwa kwenye tela lake. Fimbo za kuchomelea ninazotumia zaidi ni za aina ya 6013 za milimita 2.5 na 3.2, ila kwa matela na vyuma vya kubeba uzito hutumia aina ya 7018. Gari langu ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuvitumia.

Mhandisi Mstaafu, Raskazone

Waaleikum salaam, fundi. Kabla ya kulinganisha injini, tafuta kibati cha chuma kilichogongwa nyuma ya mashine ukisome, uachane na karatasi iliyobandikwa ubavuni. Humo utakuta ampea zikiwa zimeambatana na asilimia, na asilimia hiyo inahesabiwa ndani ya dakika 10: asilimia 60 maana yake ni kuchomelea dakika 6 na kupumzisha dakika 4. Mashine inayojitangaza kuwa ya ampea 200 huenda ikawa ya ampea 200 kwa asilimia 30 tu, na ukitaka asilimia 60 inashuka hadi ampea 140 hivi, na ukitaka kuchomelea bila kupumzika kabisa inabaki na ampea 110.

Usivunjike moyo kwa hesabu hiyo. Fimbo ya milimita 3.2 huhitaji kati ya ampea 90 na 140, na huisha kwa dakika moja na kidogo, kisha fundi hugonga gamba, hupiga brashi, hubadilisha fimbo na kuutazama mshono wake. Anayefanya kazi peke yake kwa fimbo za mkono ni nadra kupita asilimia 40. Basi ampea 140 kwa asilimia 60 zinakutosha. Jambo ambalo ningekuuliza kwa mkazo ni kama mashine hiyo inatoa mkondo mnyoofu (DC) au mkondo geu (AC). Fimbo yako ya 6013 itakubali yote mawili, lakini 7018 hutulia zaidi kwenye mkondo mnyoofu, nayo hutaka volti za kuanzia zipatazo 70 kabla ya kugusa chuma. Zikiwa pungufu, itanata kila unapoiwasha upya.

Fundi wa Pangani

Mimi natumia jenereta na inveta, na sijutii. Nilipojenga mnara wa tangi la maji wenye kimo cha mita 9, nilipanda na inveta begani nikaifunga juu kwa kamba, jenereta ikabaki chini. Mwenye mashine iliyounganishwa atalazimika kurefusha nyaya za kuchomelea zenyewe, na huko ndiko ampea zinakopotelea. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mita 30 za kwenda na mita 30 za kurudi: ukichomelea kwa ampea 120 unapoteza karibu volti 8 njiani. Kwa waya wa milimita za mraba 35 unapoteza chini ya volti 4, lakini uzito na bei ya shaba hiyo unavijua mwenyewe.

Kuhusu kVA 6.5, hesabu yangu ni hii. Kwa ampea 120 inveta hutoa kama kilowati 3, nayo huvuta takriban kilowati 3.5 kutoka kwenye jenereta. Inveta ndogo nyingi hazivuti umeme kwa ulaini, kwa hiyo jenereta huhisi mzigo wa kVA 5 au zaidi. Hapo upo salama. Ukitia fimbo ya milimita 4 na kupandisha ampea 160, mzigo unafika kVA 7, na jenereta itaanza kukoroma.

Nitaje na ubaya wake. Kidhibiti volti cha jenereta yangu ya kwanza kiliharibika nikiwa katikati ya mshono, volti zikapanda ghafla na inveta ikafa hapo hapo kwa harufu ya kuungua. Tangu siku ile nina mita ndogo ya volti iliyochomekwa kwenye soketi kila wakati, na siwashi inveta mpaka injini itulie. Vilevile huizima inveta kabla ya kuzima jenereta, na hata jenereta ikiishiwa mafuta siiwashi tena kabla ya kwenda kuzima inveta kwanza.

Dada wa Karakana, Lushoto

Ndugu wa Makorora, ikiwa utapandisha mashine hiyo huku kwetu milimani, kumbuka kwamba injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Lushoto ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ni karibu asilimia 16 iliyokwenda na hewa. Mashine inayochomelea 7018 vizuri huko pwani itakuja kusongwa hapa, na plagi itakuwa nyeusi kwa masizi kwa sababu kabureta inaendelea kumimina mafuta ya kiwango cha pwani. Mimi nilibadilisha jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, nikaweka ndogo. Moshi ulipungua, ingawa nguvu zilizopotea hazirudi zote.

Fundi wa Deep Sea

Dizeli ni imara, na kwa mtu anayechomelea kutwa nzima kila siku ni hesabu nzuri ya mafuta. Lakini kirikuu hakikufai kukokota tela hilo, na mashine iliyotumika bila historia ya matengenezo siwezi kumshauri ndugu yangu ainunue.

Kwa sisi wa ufukweni ningependa kuongeza mawili. Chumvi hula shaba, basi usiilaze mashine nje, na usiifunike kwa turubai ikiwa bado ina joto, kwa kuwa jasho lake hubaki ndani. La pili ni la uhai. Niliwahi kuona injini ikiteremshwa ndani ya tumbo la chombo cha baharini ili nyaya zifike, na kijana aliyekuwa humo akapandishwa juu akiwa hajitambui kwa moshi. Alipona, alhamdulillahi. Injini ikae nje, upande unaokwenda upepo, hata kama itabidi ukanunue nyaya nyingine. Na usichomelee ukiwa umesimama kwenye maji ya bahari, kwa sababu zile volti 70 alizozitaja mhandisi zinatosha kuua mtu aliyelowa.

Mchomeleaji wa Makorora

Nimewasikia, na nawashukuru mno. Dizeli nimeiacha. Nimerudi dukani leo nikasoma kibati: mashine iliyounganishwa ni ampea 200 kwa asilimia 30, sawasawa na mfano wa mhandisi, na inatoa mkondo mnyoofu. Uzito wake hata hivyo unazidi kilo 90, na msaidizi ninaye mmoja. Kazi zangu nyingi za nje ni mageti, minara ya matangi na matela, na Makorora umeme hukatika pia, siku ambazo jenereta peke yake ingeniendeshea grainda na taa. Moyo wangu umeelekea kwenye jenereta na inveta. Nifanye jaribio gani kabla ya kulipa?

Mhandisi Mstaafu, Raskazone

Uamuzi wako ni sahihi kwa kazi ulizozitaja. Nenda na kipande cha bamba la milimita 8, fimbo 5 za 7018 za milimita 3.2 na mita ya volti. Hakikisha fimbo ni kavu, maana kwa unyevu wa Tanga pakiti iliyokaa wazi usiku kucha itakupa mshono wenye vitundu nawe ukailaumu mashine bure. Pima volti za inveta kabla ya kugusa chuma. Kisha choma fimbo zote tano kwa ampea 120 mfululizo, bila mazungumzo katikati, na msaidizi wako asibandue macho kwenye volti za soketi ya jenereta. Zikishuka chini ya 210 na kubaki huko, au sauti ya injini ikizama kila unapogusa chuma na kuchelewa kurudi, mwambie muuzaji alete jenereta nyingine. Fimbo ya tatu izime katikati kwa makusudi uiwashe tena papo hapo. Ikinata, inveta hiyo si ya 7018, hata karatasi yake iseme nini.

Na akikubali kuuza bila kukuruhusu kujaribu, rudi na fedha zako Makorora.