Naomba ushauri: natarajiwa kuwa mwalimu mkuu huku Chamwino, nijiandaeje kabla ya Januari?

Taaluma_Chamwino
Ndugu walimu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi wilayani Chamwino. Afisa elimu kata ameniambia barua ya uteuzi wa ualimu mkuu iko njiani, na Januari nitahamia shule ya kata jirani. Namshukuru Mungu, na kazi hii naitaka. Ila kila ninayemuuliza nijiandaeje ananijibu "utazoea tu". Sitaki kuzoea kwa hasara ya watoto wa watu.

Ratiba, mitihani ya ndani, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwa madarasa ya chini, hayo nayamudu. Nisichokijua ni fedha na FFARS (mfumo wa kompyuta wa hesabu na taarifa za fedha za shule), kuongoza walimu walionizidi umri, na wazazi. Shule ninayokwenda ina utoro mwingi, na chakula cha mchana kimesimama. Nasikia ADEM, wakala wa serikali wa uongozi wa elimu kule Bagamoyo, wana kozi za uongozi wa elimu. Niombe sasa, au niingie kazini kwanza? Mliopitia, wiki ya kwanza mlianzia wapi?

Bibi_Mpwapwa
Hongera mwanangu. Nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu, kwa hiyo nakuambia ninayoyajua. Usipokee ofisi kwa mdomo. Kaa na anayeondoka, na mwenyekiti wa kamati ya shule awepo, mpitie leja ya vifaa, vitabu vya kiada, madawati, taarifa ya benki, na madeni ya wazabuni na mafundi. Kama kuna darasa linalojengwa kwa force account (shule yenyewe inanunua vifaa na kulipa mafundi), nendeni mkahesabu mifuko ya saruji iliyopo stoo, msiamini karatasi pekee. Kila kitu kiingie kwenye hati ya makabidhiano, msaini wote. Ukishasaini bila kuhesabu, mkaguzi wa ndani akija pengo ni lako.

Baada ya hapo ingia darasani. Chukua vipindi vyako, tena darasa gumu. Mwalimu aliyekuzidi umri akikuona na chaki mkononi kila wiki, hata siku ukikagua andalio lake la somo hatakununia. Na shikamoo yake mpe kama kawaida, cheo hakiiondoi.

Hesabu_Bahi
Nakubaliana na mama hapo juu, ila kuhusu fedha naona watu wanawatisha bure. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inakwenda kwenye vitabu, kwa hiyo inayofika kwenye akaunti ya shule ni ndogo. Ugumu ni nidhamu. Matumizi yawe yamepangwa, kamati iwe imepitisha na muhtasari upo, risiti zipo, na taarifa ibandikwe ubao wa matangazo wazazi waisome. FFARS yenyewe ukikaa siku mbili na mhasibu wa halmashauri kabla ya shule kufunguliwa utaielewa. Usimwachie mwalimu kijana anayejua kompyuta akufanyie kila kitu kwa nywila yako. Jina linalosomeka kwenye muamala ni lako.

Msomaji_UDOM
Nasomea uongozi wa elimu hapa chuoni. Kuna jambo la Marekani linalogusa swali lako. Kuanzia 2011, taasisi ya Wallace Foundation ilifadhili wilaya 6 kubwa za elimu zijenge mfumo mzima wa kuandaa wakuu wa shule: viwango vya wazi vya kazi, mafunzo kabla ya uteuzi, uteuzi makini, kisha malezi kwa wapya, yaani kuongozwa na mzoefu. Tathmini ya 2019 ya RAND, taasisi ya utafiti ya huko, ilionyesha kwamba shule zilizopata wakuu wapya chini ya mfumo huo zilifanya vizuri kuliko shule za kulinganishwa nazo, kwenye kusoma na kwenye hisabati.

Kondoa_Kwetu
Ndugu UDOM, wenzetu wana bajeti. Huku mtu anapewa barua Ijumaa, Jumatatu yuko ofisini.

Msomaji_UDOM
Kweli kaka, na hilo linaniuma. Lakini malezi hayahitaji bajeti kubwa. Mwalimu, mwombe afisa elimu kata akuunganishe na mwalimu mkuu mmoja mzuri, ukashinde naye siku chache Desemba hii akifunga hesabu za mwaka, na muhula wa kwanza umpigie simu bila aibu. ADEM omba, usisubiri. Ruhusa inapitia kwa mkurugenzi na inachukua muda. Ila kozi ikufuate kazini, mlezi awepo tangu siku ya kwanza.

Mwenyekiti_Kamati
Mimi ni mzazi, mwenyekiti wa kamati ya shule huku Chamwino. Walimu wakuu wengi wageni wanakosea hapa: wanaitisha mkutano wa michango ya chakula Januari. Januari Ugogoni ghala ziko tupu, watu wako shambani, mvua ndiyo imeshika. Mzazi atakaa kimya, nawe utasema hajali elimu. Ombi la debe la mtama au mahindi lipeleke Juni, mavuno yakiwa nyumbani, kupitia mkutano mkuu wa kijiji. Januari hiyo shughulika na shamba la shule kama lipo, lipandwe mapema. Utoro nao usianze na mgambo. Pata orodha ya majina kutoka kwa walimu wa madarasa, uipeleke kwa wenyeviti wa vitongoji. Wao wanajua nani kahamia na mifugo na nani yuko nyumbani analea wadogo zake.

Taaluma_Chamwino
Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Kesho nampigia afisa elimu kata kuhusu mlezi. Mwenyekiti, shule ina ekari kadhaa ambazo hazikulimwa msimu uliopita. Naweza kuomba trekta la mtu kwa makubaliano ya kugawana mavuno, au kamati lazima ikae kwanza?

Mwenyekiti_Kamati
Kamati ikae kwanza, hata kikao cha dharura, na muhtasari uandikwe. Mwalimu mkuu wa sasa bado yupo, mwombe aitishe wiki hii. Ukisubiri barua, mvua itakuwa imekupita.